Presha ya Mimba Haikuwa ya Mimba Tu

Shangazi yangu alipopooza upande wa kulia alikuwa na miaka 46. Tulimfikisha hospitali kwa bajaji, mimi nimemshika kichwa, bibi amebeba viatu vyake mkononi kana kwamba angevihitaji muda si mrefu. Daktari, kijana tu, akauliza: "Mgonjwa ana historia ya presha?" Tukajibu kwa sauti moja: hana. Shangazi hajawahi kuumwa presha. Nesi mtu mzima aliyekuwa akimfunga mkanda wa mashine mkononi akauliza swali jingine. "Uzazi wake ulikuwaje?"

Hapo ndipo bibi akakumbuka. Kwenye uzazi wa kwanza shangazi alianguka kifafa, mimba ikiwa na miezi minane. Alikaa siku mbili hajitambui na mtoto akatolewa kwa upasuaji. "Lakini hiyo ilikuwa ya mimba tu," bibi akasema. "Iliisha zamani."

Zamani hiyo ilikuwa miaka 19 nyuma. Kwa miaka yote hiyo, ukiacha mahudhurio ya kliniki ya mimba nyingine mbili, hakuna aliyempima presha. Naye hakuona sababu ya kwenda kupima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa anayo sababu.

Nimekuwa nikiyatafakari maneno yale ya bibi, "ya mimba tu", tangu siku ile. Kiswahili kimetupa majina yanayoeleweka na kila mtu: presha ya mimba, kifafa cha mimba, kisukari cha mimba. Ni majina mazuri, ila yana kasoro moja. Yanaufanya ugonjwa kuwa mali ya mimba, kwa hiyo mimba ikitoka, tunadhani na mwenye mali kaondoka na mali yake. Wodini mama anaambiwa, "Sasa umeshajifungua, utapona." Kwa sehemu ni kweli. Presha ya wengi hushuka ndani ya majuma machache, na sukari hurudi mahali pake. Sehemu isiyosemwa ndiyo niliyoikalia kitako kuandika leo.

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya anaweza kufika Ruaha Mbuyuni bila kujua kuwa injini yake ina kasoro. Mlima Kitonga ndio unaomwambia. Akishafika juu, barabara ikanyooka kuelekea Ilula, mshale wa joto unashuka na gari linakwenda kama kawaida. Dereva mjinga hushukuru na kusahau. Mwerevu akifika Iringa humtafuta fundi.

Mimba ni Kitonga ya mwili. Damu huongezeka kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, moyo husukuma damu nyingi zaidi kila dakika, na homoni za kondo la nyuma huipunguzia nguvu insulini, ile inayoondoa sukari kwenye damu. Mwili wenye akiba hupanda mlima huo. Mwili ambao mishipa yake ya damu au kongosho lake lina udhaifu uliojificha huonyesha udhaifu huo hapo. Tena kwa kifafa cha mimba kuna jambo la ziada: kondo lisilojipandikiza vizuri humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi utando wa ndani wa mishipa yake. Kwa hiyo mlima unafichua kasoro iliyokuwepo, na wakati huohuo unaweza kuacha jeraha jipya.

Mwaka 2007 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya taarifa za wanawake zaidi ya milioni 3. Waliowahi kupata kifafa cha mimba au hali inayokitangulia (presha kupanda pamoja na protini kwenye mkojo) walikuwa na uwezekano wa karibu mara 4 wa kupata presha ya kudumu baadaye, na kama mara 2 wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi, kuliko wenzao. Kuhusu kisukari cha mimba, uchambuzi wa mwaka 2009 katika jarida la Lancet ulionyesha uwezekano wa kupata kisukari cha ukubwani ni angalau mara 7. Nyingi ya takwimu hizi zinatoka nchi tajiri, ambako mama akitoka wodini ana daktari wa kumrudia.

Usiogope kupita kiasi. Mara mbili ya kidogo bado ni kidogo, hasa ukiwa na miaka 28. Namba hizo hazisemi kuwa utapooza. Zinasema kwamba umepewa taarifa miaka 10 au 20 kabla ya wakati, ambayo kaka zako hawataipata kamwe, kwa sababu wao hawapandi mlima huu.

Wanaohusika ni wengi kuliko wale walioanguka kifafa. Yupo aliyeambiwa presha yake ni 140/90 au zaidi baada ya mimba kufikisha miezi mitano, hata kama hakuumwa chochote. Yupo aliyezaa njiti, au mtoto aliyetimiza miezi yake lakini hakufika kilo mbili na nusu. Yupo ambaye kondo liliachia kabla ya wakati akavuja damu, na aliyezaa mtoto mfu, na ambaye mimba zake zimeharibika mara kwa mara. Hawa wote moyo na mishipa yao inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Hawa wa mwisho ndio tunaowatendea vibaya kuliko wote, maana aliyetoka hospitali bila mtoto hana kliniki ya kurudi, na majirani wanaona aibu hata kumuuliza hali.

Halafu yupo mama wa mtoto mkubwa. Mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu nyumba nzima hushangilia, picha yake ikasambazwa kwenye kundi la familia na mama mkwe akajisifu kuwa alimlisha vizuri mkwewe. Sitaki kuharibu sherehe ya mtu. Lakini mtoto anayezidi kilo nne huenda alikuwa akilishwa sukari iliyozidi kwenye damu ya mama, na huku kwetu wajawazito wengi hawapimwi kisukari kwa kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi. Kwa hiyo mama huyo anaweza kuwa alikuwa na kisukari cha mimba ambacho hakikuandikwa popote. Shangilieni, halafu mama apimwe sukari.

Hatari ya kwanza iko karibu kuliko watu wanavyodhani. Presha ya mzazi huwa juu zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua. Ukijifungua salama kwa njia ya kawaida, mara nyingi siku ya pili uko nyumbani. Maana yake ni kwamba presha inafika kileleni mama akiwa kitandani kwake, mlango umefungwa, anakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na hakuna mashine ya presha karibu. Kifafa cha mimba kinaweza kuanza baada ya kujifungua, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuonyesha dalili.

Sina ugomvi na arobaini. Ni mojawapo ya mambo ya busara tuliyorithi, kwani ni mapumziko ambayo mwanamke hapewi wakati mwingine wowote wa maisha yake. Ninachoomba ni kwamba anayemuuguza mzazi, awe mama, bibi au wifi, ajue dalili za kukimbilia hospitali. Kichwa kinachouma sana na kisichotulia. Kuona ukungu au vimulimuli. Maumivu makali ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia. Kushindwa kupumua. Kuchanganyikiwa, na bila shaka kukakamaa na kutetemeka mwili. Hiyo si baridi iliyomwingia mzazi wala si jini la kisimani, na haingoji kupambazuke. Mashine ikisoma 160/110 au zaidi, mama anaondoka nyumbani saa hiyohiyo hata kama anacheka.

Kuna ugonjwa mwingine unaojificha ndani ya arobaini, nao ni moyo kuchoka. Misuli ya moyo hulegea kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano hivi baada ya kujifungua. Mama anachoka, miguu inavimba, anakohoa usiku. Nyumbani wanasema ndivyo uzazi ulivyo, na kweli kila mzazi huchoka. Swali la kumtofautisha ni jepesi: je, anaweza kulala chali na mto mmoja? Akilazimika kukaa ili apate hewa, au akishtuka usiku anatafuta pumzi, huo si uchovu wa kunyonyesha. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha moyo. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na wapo wanaopona kabisa wakiwahiwa. Mtu huyo asibebe mimba nyingine kabla hajazungumza na daktari wa moyo.

Na chakula cha mzazi? Mtori, supu, samaki, mboga za majani, maziwa: mleteeni. Shida yangu ni vijiko vitano vya sukari kwenye kila kikombe cha uji, vikombe vinne kwa siku, kwa mama aliyetoka juzi tu kwenye kisukari cha mimba. Pilipili manga inafanya kazi yake bila sukari yote hiyo. Kunyonyesha ndiko kunakomfaa zaidi. Maziwa ya mama humjenga mtoto, na wanawake wanaonyonyesha kwa muda mrefu hupata kisukari kwa uchache zaidi baadaye.

Baada ya arobaini kila mtu hutawanyika. Mama anarudi sokoni au shambani, na wa kupelekwa kliniki ni mtoto. Hapo ndipo mnyororo unapokatika, na hapo ndipo unapoweza kuungwa bila gharama. Mtoto ana siku zake: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Kila unapompeleka kuchomwa sindano, mwambie nesi, "Na mimi nipimie presha." Mashine ipo chumba cha pili. Ukitoka hapo bila kupimwa, pitia duka la dawa lenye mashine.

Kupima nako kuna adabu yake. Usipime umetoka kupanda ngazi na mtoto mgongoni. Kojoa kwanza, kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kuikunja nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi, si juu ya mkono wa sweta. Usizungumze. Andika namba zote mbili na tarehe. Ikisoma juu, ngoja kidogo upime tena kabla hujajipa ugonjwa. Ikiwa bado 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo tayari ni presha, na haijali kama kichwa kinauma au hakiumi. Presha ya kila siku haina dalili. Wanaoacha dawa kwa kuwa "najisikia vizuri" ndio tunaokuja kuwabeba kwa bajaji.

Aliyepata kisukari cha mimba apimwe sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Kipimo bora ni kile cha kunywa glukosi. Pasipo nacho, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni bora kuliko kutopima kabisa, na ikifika 7.0 mmol/L inahitaji daktari. Ikiwa sawa, usiifunge kesi. Rudia kila mwaka, na chagua siku usiyoweza kuisahau. Siku ya kuzaliwa mtoto inafaa. Keki yake, kidole chako.

Dawa nazo ziulizwe. Wengi hurudi nyumbani na methyldopa, wanayoijua kwa jina la Aldomet. Ni salama kwenye mimba, lakini baada ya kujifungua madaktari wengi huibadilisha kwa sababu inaweza kumtia mzazi huzuni. Muulize daktari wako. Enalapril inaweza kutumika ukiwa unanyonyesha, ila enalapril, lisinopril na losartan hazitakiwi tumboni kukiwa na mtoto. Ukikosa siku zako ukiwa unazimeza, nenda kituoni wiki hiyohiyo wakubadilishie. Usiziache kimyakimya.

Uzazi wa mpango ni hivyohivyo. Vile vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha presha, na mwenye presha ya sasa hatakiwi kuvitumia. Kitanzi na vijiti vina usalama zaidi kwake. Tatizo ni kwamba vidonge unaweza kununua dirishani bila mtu kukutazama usoni, sembuse mkononi. Pima kwanza, na historia yako uitaje bila kungoja kuulizwa.

Kuhusu maisha ya kila siku sitaandika mahubiri, maana ushauri wa "kula vizuri na kufanya mazoezi" tumeusikia hadi umepoteza ladha. Nitasema matatu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chumvi yote: ya mboga, ya kachumbari, ya papa mkavu, ya chipsi, na ile iliyomo ndani ya vidonge vya kuungia mchuzi. Ukitumia vidonge hivyo, chumvi ya mkono iache kabisa. La pili, chukua kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, uizungushe kiunoni. Isipofika, tumbo limeanza kuhifadhi mafuta yanayoleta kisukari, hata kama mikono yako ni myembamba na watu wanakuita modo. La tatu ni miguu. Anayelima na kuchota maji hahitaji kuambiwa atembee, ila anayekaa dukani kuanzia asubuhi hadi saa nne usiku anahitaji nusu saa ya mwendo wa haraka, hata kama ni kushuka kituo kimoja kabla ya kwake.

Ukitaka mtoto mwingine, usingoje tumbo lionekane ndipo uende kliniki. Najua kwa nini tunachelewa. Tunaogopa macho ya watu, na mimba changa haitangazwi. Lakini aspirini ya dozi ndogo, ambayo hupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kurudi, huanza wiki ya 12 na inapasa iwe imeanza kabla ya wiki ya 20. Anayefika kliniki mwezi wa sita basi limeshamwacha. Usijinunulie mwenyewe, mwambie mkunga yaliyokupata, naye ndiye akuanzishie. Kalisiamu pia husaidia pale ambapo mlo hauna ya kutosha, na hili tunalijua kwa sehemu kutokana na wanawake wa Dar es Salaam. Utafiti wa wajawazito wa mara ya kwanza 22,000, nusu wakiwa hapa na nusu India, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku zinakinga hali inayotangulia kifafa cha mimba sawa na miligramu 1,500 zilizokuwa zikipendekezwa. Vidonge vichache, gharama ndogo. Pia ipishe miaka miwili kabla ya mimba nyingine.

Sasa neno kwa wenye mamlaka, japo makala haya ni ya akina mama. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni hatua kubwa, na waliofanya kazi hiyo wodini usiku kucha wanastahili heshima. Lakini kila aliyeokolewa na kifafa cha mimba ni mwanamke anayeingia miaka yake ya arobaini akiwa na deni mwilini. Kisera, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali ni bure. Baada ya siku 42 anakuwa mgonjwa kama wengine, dawa ya presha ananunua, na hakuna daftari linalosema arudi lini. Kenya mama na mtoto wanaandikwa kwenye kijitabu kimoja. Kwetu kadi ni mbili, na ya mama ndiyo hupotea kwanza, maana mtoto atahitaji yake shuleni. Kumpima mama presha siku ya chanjo ya mtoto hakuhitaji mradi wala mfadhili.

Wewe ambaye kadi yako ilishapotea, kumbukumbu yako ndiyo kadi. Jiulize: nilichomwa sindano mbili nzito za matakoni zilizouma kuliko uchungu wenyewe, au dawa ya mshipani iliyonitia joto mwili mzima? Huenda ilikuwa magnesi, dawa ya kuzuia na kutibu kifafa cha mimba, na haitolewi kwa presha ndogo. Je, waliniharakisha kujifungua kabla ya siku zangu? Mkojo wangu ulipimwa mara nyingi? Muulize aliyekuuguza. Mama yako anakumbuka zaidi kuliko unavyodhani, na akisimulia, msikilize na kuhusu uzazi wake mwenyewe, kwa sababu kifafa cha mimba hutembea kwenye koo.

Shangazi anatembea kwa fimbo sasa, na mkono wa kulia haushiki kijiko. Binti yake, yule aliyetolewa kwa upasuaji, anajua kilichotokea siku aliyozaliwa, na aliposhika mimba alikisema kliniki siku ya kwanza. Nawe siku nyingine utakapokaa mbele ya daktari, hata kama umekwenda kwa jino au malaria, sema sentensi hii kabla hujaulizwa: "Nilipata presha nikiwa mjamzito," au kisukari, au kifafa, na utaje mwaka. Akiandika asikupime, mwombe akupime.